Upatanifu wa Kiolezo na Mfumo: Fundisho la Orodha ya Maneno ya Lodwar na Kakuma

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza tatizo ambalo kwa juujuu huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo, likichunguzwa vema, linatuhusu sisi wanalugha pia. Tatizo lenyewe ni hili: tovuti iliyojengwa juu ya mfumo wa kusimamia maudhui hupandishwa toleo, na baada ya kupandishwa, kiolezo chake, yaani sehemu inayoamua sura ya kurasa, hakipatani tena na mfumo. Kurasa huharibika, na pengine hazifunguki kabisa.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu ni kwamba orodha zetu za maneno, kamusi ndogondogo na matini za fasihi simulizi haziishii tena katika vikaratasi vya kabatini. Nyingi huwekwa kwenye tovuti. Kwa lugha zenye wachapishaji wengi, tovuti ni nakala ya pili ya kitabu. Kwa lugha kama Kiturkana, aghalabu tovuti ndiyo kitabu chenyewe. Hata huko Kakuma, gazeti la wakimbizi liitwalo KANERE, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2008, liliwafikia wasomaji wake kwa njia ya mtandao. Mahali kama hapo, kiolezo kikiharibika, hakuna rafu ya maktaba ya kukimbilia.

Tutaanza kwa kueleza sehemu za mfumo, kisha tutasimulia kisa kimoja ambacho mwandishi wa makala haya alihusika nacho mwenyewe, ndipo tutazame sababu, istilahi na tahadhari zifaazo kuchukuliwa. Hoja yetu kuu ni moja: maana iliyokabidhiwa umbo peke yake huondoka siku umbo linapoondoka.

2.0 Mfumo, matini na kiolezo

2.1 Mfumo wenye jina letu

Mfumo tutakaoutolea mfano ni Joomla. Kwa msomaji wa Kiswahili mfumo huu una mvuto wa pekee. Ulizaliwa mwaka 2005, pale waundaji wa mfumo uliotangulia, ulioitwa Mambo, walipojitenga na kuanzisha mradi wao. Jina walilolichagua ni neno letu jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya kumwongoza msemaji wa Kiingereza katika matamshi, irabu u ikawa oo. Hata matoleo yake kadhaa yamepewa majina ya Kiswahili: toleo la 3.9 liliitwa Amani, la 3.10 Daraja, la 4.0 Furaha, la 4.4 Pamoja, na la 5.0 Kuboresha. Jina Daraja lilichaguliwa kwa busara, kwa kuwa toleo hilo lilikusudiwa kuwavusha watumiaji kutoka toleo la 3 hadi la 4. Na kwa Kiswahili neno hilo hubeba pia maana ya ngazi au cheo, kwa hiyo anayevuka huwa pia amepanda.

Yafaa ikumbukwe kwamba neno jumla tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwamba wanasarufi wa lugha hiyo hulitumia kwa maana ya sentensi. Maana hiyo itatufaa tutakapofika sehemu ya nne.

2.2 Sehemu za mfumo

Mfumo wa kusimamia maudhui una sehemu nne zilizo muhimu kwetu. Ya kwanza ni hifadhidata, ambamo matini yote huwekwa. Ya pili ni msimbo wa mfumo wenyewe, ulioandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP. Huu ndio unaoitoa matini katika hifadhidata msomaji anapoiomba. Ya tatu ni viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kazi fulani. Ya nne ni kiolezo, ambacho huipokea matini na kuivika sura: safu ziwe ngapi, herufi ziwe za namna gani, kipi kionekane kwenye kompyuta na kipi kifichwe kwenye simu.

Sifa njema ya mpango huu ni kwamba matini na sura vimetenganishwa. Mtu aweza kubadili sura ya kurasa elfu moja bila ya kugusa neno lolote lililomo. Lakini utengano huo ni wa nadharia. Katika utendaji, waandishi wengi huipitisha sehemu ya maana yao ndani ya sura bila ya kutambua, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

3.0 Kisa cha orodha ya maneno

Walimu wachache mjini Lodwar, wakisaidiwa na vijana wanaoishi Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, walianza kukusanya orodha ya maneno ya Kiturkana pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Haja ilikuwa dhahiri. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo imepokea watu wa mataifa mengi. Miongoni mwao wamo Wakongomani ambao Kiswahili wamekuja nacho kutoka kwao, lakini Kiturkana cha wenyeji wao hawakijui. Kadhalika walimu wanaotumwa Turkana kutoka kaunti za mbali hufika na Kiswahili mkononi. Kiswahili basi ndicho kilichokuwa njia ya kuifikia lugha ya mahali.

Orodha iliwekwa kwenye tovuti ya Joomla toleo la 3. Kiolezo kilinunuliwa kwa muuzaji wa ng'ambo. Fundi wetu, kijana hodari, alikirekebisha kwa mikono: akayaondoa maneno ya Kiingereza yaliyokuwamo na kuweka ya Kiswahili, akaongeza fonti yenye herufi ŋ, na akaupanga kila ukurasa wa orodha katika safu tatu: neno la Kiturkana, maana yake, na mfano wa matumizi. Kila safu ilikuwa orodha inayojitegemea. Kilicholikutanisha neno na maana yake ni kulingana kwao kwenye mstari mmoja tu, na mlingano huo ulishikwa na kanuni za kimo na upana zilizoandikwa ndani ya kiolezo.

Tarehe 17 Agosti 2023 toleo la 3 lilikoma kuhudumiwa na waundaji wake, kama walivyokuwa wametangaza mapema. Wiki chache baadaye tovuti yetu ikapandishwa hadi toleo la 4. Mara ya kwanza haikufunguka: palitokea ukurasa mweupe mtupu. Fundi akakiondoa kiolezo cha zamani na kuweka Cassiopeia, kiolezo kinachokuja pamoja na mfumo wenyewe, na tovuti ikafunguka. Tulishukuru, tukarudi kwenye kazi zetu.

Kumbe kurasa za orodha zilikuwa zimevunjika kwa namna nyingine. Safu tatu hazikukaa tena ubavu kwa ubavu. Zilipangana moja chini ya nyingine. Maneno yote ya Kiturkana yalitangulia, zikafuata maana zote, kisha mifano yote. Zaidi ya hayo, maneno ambayo maana zake zilikuwa hazijapatikana yaliachiwa nafasi tupu katika safu ya pili, na nafasi hizo, kwa kuwa hazina maandishi, zilikuwa zimetoweka. Mfano huu waonyesha matokeo yake:

(1) Safu ya kwanza: Akuj, [neno lisilo na maana bado], emoru, ŋaatuk, ŋakipi
(2) Safu ya pili: Mungu, mlima, ng'ombe, maji

Msomaji anayehesabu kutoka juu atalilinganisha neno la tatu, emoru, na maana ya tatu, ng'ombe. Na la nne, ŋaatuk, na maji. Ukweli ni kwamba emoru ni mlima, ŋaatuk ni ng'ombe, na maji ni ŋakipi.

Kijana mmoja wa Kakuma, mwenye bidii ya kujifunza, aliinakili orodha hiyo katika daftari lake siku hizohizo, akihesabu kwa uangalifu kabisa. Kisha akamwendea jirani mwenyeji na kumwomba ŋaatuk, akidhani anaomba maji ya kunywa. Kwa bahati njema jirani alicheka. Katika nchi ambamo ng'ombe huombwa kwa mahari na hutwaliwa kwa mapigano, ombi la namna hiyo lingeweza kupokewa vingine. Kosa halikuwa la kijana yule, wala la mfumo. Lilikuwa letu sisi tuliokuwa tumeuweka uhusiano wa neno na maana yake mahali pasipoweza kuutunza.

4.0 Sababu za kutopatana

4.1 Kutopatana kwa wazi

Ukurasa mweupe wa kwanza ulikuwa na sababu nyepesi. Kiolezo si picha tu. Ndani yake mna amri zinazouita mfumo ufanye jambo. Kiolezo chetu cha zamani kiliita sehemu ya mfumo iitwayo JRequest, ambayo ilikwisha tangazwa kuwa imepitwa na wakati, na ambayo katika toleo la 4 iliondolewa kabisa. PHP ikiitiwa kitu kisichokuwapo husimama hapohapo. Jambo kama hilo hutokea pia PHP yenyewe inapobadilika: amri iliyojulikana kama each, kwa mfano, iliondolewa katika PHP 8.0 mwaka 2020, na kiolezo chochote kilichoitegemea kikavunjika hata pale ambapo mfumo wa tovuti haukuguswa.

4.2 Kutopatana kwa kimya

Sababu ya pili ni ya hila zaidi. Joomla 3 ilitumia mkusanyiko wa kanuni za sura uitwao Bootstrap, toleo la 2. Joomla 4 ikahamia Bootstrap toleo la 5. Katika toleo la 2, safu ya theluthi moja ya ukurasa iliitwa span4. Katika la 5 huitwa col-md-4 au jina jingine la jamii hiyo. Kitu kilichosukumwa upande wa kulia kiliitwa pull-right, sasa huitwa float-end. Kilichofichwa kwenye simu kiliitwa hidden-phone, na jina hilo halimo tena. Majina ya zamani yalibaki ndani ya matini yetu, lakini hapakuwa na kanuni ya kuyaitikia. Kivinjari kikikutana na jina la namna hiyo hakilalamiki, hulipita tu. Ndiyo maana safu zetu ziliporomoka bila ya onyo lolote, na picha kubwa zilizokuwa zimefichwa kwenye simu zikaanza kuonekana na kumla msomaji gharama ya data.

4.3 Ulinganisho na upatanisho wa kisarufi

Hapa ndipo maana ya jumla kama sentensi inapotufaa. Tuchukue mifano hii:

(3) Kitabu kile kimeanguka.
(4) Kitabu ile imeanguka.

Sentensi ya (4) inakiuka upatanisho wa ngeli katika Kiswahili sanifu. Hata hivyo husikika kila siku bara, na huko Kakuma pia, na hueleweka. Msikilizaji hulitengeneza kosa akilini mwake pasipo kusita, kwa sababu anamjua msemaji na anakiona kitabu kilichoanguka. Uhusiano wa kiolezo na mfumo ni wa namna hiyohiyo: kiolezo hubeba viambishi vya kupatana na nomino ambayo ni mfumo, na mfumo ukihama ngeli, viambishi vya zamani havipatani nao tena. Tofauti imo katika wasikilizaji. Binadamu hutengeneza kosa. PHP hukataa kuendelea. Kivinjari hunyamaza na kupita. Miongoni mwa hao watatu, wa kuogopwa zaidi ni huyo anyamazaye, kwa kuwa anayekataa hutujulisha kuwa pana kosa.

4.4 Jambo hili si la mfumo mmoja

Isidhaniwe kwamba Joomla imetengwa kwa hili. Mfumo wa Drupal ulipotoa toleo la 8 mwezi Novemba 2015, namna ya kuandika violezo ilibadilishwa kutoka msimbo wa PHP hadi lugha ya violezo iitwayo Twig, na violezo vya toleo la 7 vikahitaji kuandikwa upya. WordPress ilipotoa toleo la 5.5 mwezi Agosti 2020, iliacha kupakia kwa kawaida sehemu ndogo iliyokuwa ikiyawezesha maandishi ya zamani ya jQuery kuendelea kufanya kazi. Violezo vingi vilivyoitegemea vikapoteza menyu na vitufe vyao. Mifumo hubadilika kwa sababu njema, mojawapo ikiwa usalama. Tovuti isiyopandishwa toleo huachwa wazi kwa wavamizi. Kwa hiyo kukataa mabadiliko si dawa.

5.0 Suala la istilahi

Kwa dhana hii waandishi hutumia istilahi mbili: uoanifu na upatanifu. Zote mbili zimeundwa vema. Uoanifu watokana na oana, na hufaa kwa vitu viwili vilivyotengenezwa vikaingiana, kama kufuli na ufunguo wake. Sisi tunapendelea upatanifu kwa uhusiano wa kiolezo na mfumo, kwa sababu mbili. Kwanza, kupatana ni jambo la pande mbili zinazoweza kubadilika. Waliopatana jana waweza kuhitilafiana leo, wakahitaji kupatanishwa upya. Pili, istilahi hii ina ndugu yake katika sarufi. Upatanisho, wenye kiambishi cha kutendesha -ish-, ni tendo la kufanya vitu vipatane. Upatanifu ni hali inayopatikana baada ya tendo hilo. Uhusiano huo wa kimofolojia hutukumbusha jambo la kweli, kwamba hali hiyo haiji yenyewe. Sharti awepo mpatanishi.

Ama neno kiolezo, hilo halihitaji utetezi. Limetokana na kitenzi oleza, yaani kufanya kitu kwa kufuata mfano, nalo lilikuwa likitumiwa na mafundi wa ushoni na wa useremala kabla ya kompyuta kufika kwetu. Fundi wa nguo anajua kwamba kiolezo hukatiwa kitambaa, lakini si kitambaa.

6.0 Yafaayo kutendwa

Kutokana na kisa tulichokieleza, tunapendekeza mambo matano kwa idara na vikundi vinavyohifadhi lugha kwenye tovuti.

(a) Uhusiano wa maana uandikwe ndani ya matini. Neno na maana yake vikae katika safu-mlalo moja ya jedwali la kweli, ambamo nafasi tupu hubaki kuwa nafasi. Bora zaidi, orodha yote iwekwe pia katika faili la maandishi matupu, kila neno mstari wake, nje ya mfumo wowote. Faili hilo halina sura, kwa hiyo halina sura ya kupoteza.

(b) Marekebisho yasifanywe ndani ya kiolezo cha mtu mwingine. Maneno kama "Soma zaidi" yana mahali pake: Joomla ina folda maalumu ya kubatilishia maneno ya lugha, na kupandisha toleo hakuigusi. Kwa upande wa sura, tangu toleo la 4.1 la mwaka 2022 Joomla huruhusu kiolezo mtoto, ambacho hurithi yote ya mzazi na kubeba tofauti zake chenyewe. WordPress nayo ina utaratibu wa jinsi hiyo. Fundi wetu alikuwa ameyaandika marekebisho yake ndani ya mzazi. Mzazi alipoondoka, kazi yote ikaondoka naye.

(c) Herufi zote za lugha zijaribiwe. Katika Kiturkana, nomino za wingi huanza kwa ŋa- au ŋi-. Fonti isiyo na herufi ŋ basi hugusa kila nomino ya wingi katika orodha, na katika simu ya zamani mahali pake hutokea kisanduku kitupu.

(d) Kupandisha kutanguliwe na nakala na majaribio. Hifadhidata na mafaili yote yanakiliwe kwanza, kisha toleo jipya lijaribiwe katika nakala hiyo, mbali na macho ya wasomaji. Toleo la Daraja lilikuja na chombo cha kukagua kabla ya kupanda kama viendelezi vilivyomo vinapatana na toleo linalofuata. Chombo hicho ni msaada mkubwa, ila hakijui Kiturkana.

(e) Kwa sababu hiyo, mkaguzi wa mwisho awe msomaji ajuaye lugha. Fundi huridhika ukurasa ukifunguka. Anatakiwa mtu wa pili, mwenye simu ya kawaida kama zile zinazotumiwa Kakuma, asome kurasa kadhaa za ndani neno kwa neno na kusema kama bado ni za kweli. Kazi hiyo ni ya mwanalugha, wala hawezi kumwachia fundi.

7.0 Hitimisho

Orodha yetu iliokolewa, lakini si na kompyuta. Mmoja wa walimu wa Lodwar alikuwa amelitunza daftari la kwanza la ukusanyaji, lenye kila neno na maana yake katika mstari mmoja wa wino. Tulilifuata daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, tukaipanga orodha upya katika jedwali. Yule kijana wa Kakuma naye aliletewa nakala iliyopigwa chapa, akayasahihisha ya kwake kwa kalamu nyekundu, na tangu hapo ndiye msomaji wetu wa majaribio.

Tumejaribu kuonyesha kwamba kutopatana kwa kiolezo na mfumo ni aina ya kukosekana kwa upatanisho, na kwamba madhara yake makubwa hayatokei pale ukurasa unapokataa kufunguka, bali pale unapofunguka ukisema uongo. Matoleo yataendelea kuja, na majina yao ya Kiswahili yatatufurahisha. Kabla ya kila toleo, wanaohifadhi lugha hawana budi kujiuliza swali moja: sura hii ikiondolewa usiku wa leo, msomaji wa kesho atajua neno lipi ni la maana ipi? Wasipoweza kujibu ndiyo, kazi ya kwanza ni kuirudisha maana hiyo ndani ya matini. Kupandisha toleo kutafuata baadaye.